Vidole Vitatu Shavuni

Kila fundi ana kiburi chake, na kiburi cha Kisigino kilikuwa mikono. Ukimkuta kibandani kwake asubuhi akishona viatu vya watu, mikono ile ilibeba kila uchafu wa kazi: gundi ya manjano, nta ya uzi, rangi nyeusi, vumbi la soli. Ukimkuta jioni anafunga mlango, mikono ile ile ilikuwa safi kama ya karani wa benki. Siri yake ilikuwa chupa ya petroli. Alilowesha kitambaa, akasugua mpaka kwenye viwiko, kwisha kazi. "Sabuni ni ya watu wa ofisini," alikuwa akijitapa. "Fundi ananawa petroli." Alimwona bwana wake aliyemfundisha kazi akifanya hivyo, na bwana wake alimwona wake, na katika msururu wote huo hakuna hata mmoja aliyesimama kujiuliza kama ni akili au ni ujinga. Ngozi yao ilikuwa imekwisha kufa ganzi. Ngozi iliyokufa hailalamiki.

Jina la Kisigino alipewa na wateja. Kabla hajakuitikia salamu alikuwa amekwisha kipindua kiatu chako na kutazama kisigino kilivyolika, halafu anakueleza tabia yako. "Wewe unaelemea nje, una kiherehere." "Wewe unaburuza, nyumbani hulali." Watu walicheka, wakalipa, wakarudi. Miaka arobaini mtu anakaa kwenye kibanda kimoja, kati ya saluni na duka la vyombo, mkewe ametangulia mbele ya haki, nyumbani ana kitanda na redio. Unadhani mtu kama huyo anamtaka nani? Anamtaka mjukuu.

Mjukuu alikuwepo. Binti yake wa pekee alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, msemaji kupita kiasi, wakamwita Chiriku. Ila binti hakumleta. Kiwanda cha sare alikoshona kilikuwa mwendo wa dakika kumi tu kutoka kibandani, na kila asubuhi alikuwa akipita na mtoto mgongoni kumpeleka kwa mlezi wa kulipwa, huku babu yupo, mzima, macho mawili, mikono miwili! Kisigino alimuuliza sababu. Mara vumbi, mara misumari, mara barabara iko karibu. Mzee alichukia, lakini angefanyaje? Alimeza.

Jumanne moja mlezi akapatwa na homa. Saa mbili asubuhi binti akasimama mlangoni mwa kibanda, mtoto mkononi, midomo ameibana.

"Baba, ni leo tu. Sina pa kumpeleka. Saa saba nakuja kumlisha."

"Karibuni! Karibuni jamani! Leo jua limetokea wapi?"

"Baba, nisikilize. Nikimkuta na hata mchubuko, hutamwona tena hapa. Sisemi kwa hasira. Nasema kweli."

"Mwanangu, mimi si mgeni wa watoto. Wewe alikulea nani, jirani?"

Binti alimtazama kidogo, akamkabidhi mtoto, akaenda zake.

Sasa usidhani Kisigino alikuwa mzembe. Binti alipoondoka tu, alipandisha kisu, misumari, nta na chupa ya petroli kwenye rafu ya juu kabisa, na nyundo akaikalia. Alifagia mara mbili. Akatandika godoro dogo pembeni, akaweka kopo la vifungo vikubwa visivyomezeka, na Chiriku akaanza kazi yake ya kuuliza.

"Babu, hiki kiatu kinaumwa?"

"Kinaumwa tumbo."

"Kimekula nini?"

"Kimekula mawe, mama. Kina tamaa."

Mtoto alicheka mpaka akaanguka chali. Kisigino alishona soli ya mtu upande, akafumua, akashona tena, akafumua, na hakujali. Raha iliyoje! Aliona miaka mitatu aliyodhulumiwa inalipwa asubuhi moja.

Saa tano na nusu akaingia mwalimu wa shule ya jirani, mama wa makamo, akichechemea, kamba ya kandambili yake ya ngozi imeng'oka. "Fundi, niokoe. Nina kipindi baada ya nusu saa."

Kazi kama hiyo ni ya supagluu, ile ya kichupa kidogo inayoshika kabla hujameza mate. Kisigino alitoa kichupa, akakata ncha, akadondosha matone mawili chini ya kamba. Na hapa ndipo penyewe. Mafundi viatu wana desturi mbili kuhusu gundi hiyo. Ya kwanza, kichupa hakifungwi kazi haijaisha, maana ukikifunga kinajiziba. Basi alikisimamisha wazi ndani ya kiatu kikuukuu kilichokuwa sakafuni, kama alivyofanya maisha yake yote. Ya pili, ukishabana huachi mpaka uhesabu thelathini. Ukiachia kabla, umeharibu gundi na umeharibu kiatu. Alibana kamba kwa vidole gumba viwili, akaanza kuhesabu kimoyomoyo.

Alipofika kumi na tisa, nyuma yake Chiriku akanyamaza.

Ewe msomaji, mtoto wa miaka mitatu akinyamaza ghafla, acha unachofanya, hata kama umeshika taji la mfalme. Kisigino hakuacha. Miaka arobaini ilimshika vidole. Alihesabu ishirini, ishirini na moja, akaenda nazo hivyo hivyo hadi thelathini, ndipo akageuka.

Chiriku amekaa kitako, kiganja cha kushoto amekiegemeza shavuni kama mtu mwenye maumivu ya jino. Kichupa kilikuwa kimelala sakafuni, kimebonyea, kitupu.

"Babu," akasema, "vidole vimelala."

Akajaribu kuvitoa. Shavu likavutika, jicho likavutika nalo, na yule mtoto akapiga ukelele hata wauza vyombo wakatoka nje.

Kisigino aliruka. Alimdaka kiganja kabla hajavuta mara ya pili, akakikandamiza kwa upole pale pale shavuni. Vidole vitatu vilikuwa vimenata: cha shahada, cha kati na cha pete. Cha pete kilikuwa pembeni, karibu na sikio. Cha kati kilikuwa katikati ya shavu. Cha shahada, masikini, ncha yake ilikuwa imefika chini ya jicho, na kati ya ukucha na kope pangetosha punje moja ya mchele, isingetosha mbili. Jicho lenyewe lilikuwa wazi, jeupe, linatoa machozi.

Mwalimu alikuwa amekwisha chomoa leso yake. "Mfute, mfute bado mbichi!"

"Hapana!" Kisigino alifoka hata mwalimu akarudi nyuma. "Samahani, mama. Ni leso ya pamba hiyo. Gundi hii mbichi ikikutana na pamba inatoa moto. Mimi najazia matundu ya soli hivyo hivyo, nimeona moshi kwa macho yangu."

Mpaka hapo ufundi wake ulikuwa umemsaidia. Subiri sasa uone ulivyogeuka.

Dada wa saluni aliingia mbio, kichana bado kimo nyweleni mwake. Alitazama mara moja, akapiga makofi. "Kumbe hii tu! Mzee, gundi ya kucha za bandia si ndiyo hii hii? Mimi nabandua kila siku." Akatoka, akarudi na chupa ya asetoni, dawa ya kutolea rangi ya kucha, na bonge la pamba. "Ikishakauka pamba haina shida. Dakika tano, vidole vyote huru. Mama yake akija anakuta mtoto anacheza."

Mama yake akija. Maneno hayo yalimwingia Kisigino kama maji kwenye mchanga. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi. Dakika tano, na hakuna atakayejua. Chiriku ataletwa kesho, na keshokutwa. Kwa njia nyingine yoyote, mama mtu atakuja saa saba atakuta vidole vimenata usoni, na habari itakuwa imeishia hapo.

Akapokea pamba. Ikalowa. Mvuke wake ulikuwa baridi na mkali, na yeye hakuusikia; pua ya fundi viatu haisikii tena vitu hivyo. Akaisogeza shavuni.

Chiriku aliusikia. Alifumba jicho kwa nguvu zote, akageuza kichwa, akalia kilio kingine kabisa, kidogo, cha koo. Kilio cha mtu anayejua kwamba mkubwa hatamsikia.

Kisigino alikijua kilio kile. Alikuwa amekisikia miaka ishirini na sita iliyopita, katika chumba chake mwenyewe. Binti yake alikuwa na miaka minne, alikanyaga kopo la gundi, mguu ukajaa hadi gotini. Baba mtu akachukua kitambaa na petroli akamsugua kama anavyojisugua mwenyewe. Mtoto alilia, akashikwa. Akalia tena, akaambiwa asijidekeze. Usiku ngozi ya mguu ilivimba ikawa nyekundu, kesho yake ikaanza kuchubuka vipande vipande, na mama yake akamkalia siku kumi akimpepea. Kisigino alisema nini? Alisema, "Ngozi ya mtoto inaota upesi." Akaenda kazini. Nayo iliota, na habari hiyo haikutajwa tena nyumbani, naye akaisahau kama anavyosahau mtu ambaye si yeye aliyeumia.

Aliitupa pamba mlangoni.

"Mzee, umechanganyikiwa?" Dada wa saluni alikasirika. "Mimi nafanya kila siku!"

"Unafanya kwenye kucha za watu wazima, mwanangu. Hili ni jicho. Tone moja likitiririka, nitamwambia nini?" "Nisaidie maji ya vuguvugu. Una birika. Nakuomba."

Dada yule alisonya, lakini alikwenda. Mwalimu akauliza naye afanye nini, akatumwa duka la dawa, ng'ambo ya barabara, akamuulize muuzaji. Alitoka mbio na kiatu mguu mmoja. Kile kingine, kwa taarifa yako, kilikuwa kimeshika barabara kabisa.

Kisha Kisigino akafanya jambo lililomwia gumu kuliko yote. Alitoa simu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na yeye alikuwa amekwisha ficha moja.

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, nyuma yake mashine za kushonea zinanguruma.

"Mama Chiriku. Mtoto amejipaka gundi usoni. Vidole vimenata. Jicho halijaguswa."

"Usimpake kitu," binti akasema.

"Sijampaka."

"Baba, petroli..."

"Sijampaka, mwanangu. Njoo."

Simu ikakatika.

Mwalimu alirudi anahema. Muuzaji wa dawa alikuwa na wateja lakini aliacha dirisha akamweleza neno kwa neno: msivute kamwe, msitie petroli, wala asetoni, wala dawa yoyote karibu na jicho, maji ya vuguvugu na sabuni laini, na mafuta ya kupikia kwa vile vidole vilivyo mbali na jicho, na subira. Gundi ikiingia jichoni, au jicho likiwa jekundu, au likikataa kufunguka, msikae hapo, pelekeni hospitali mara moja. "Na amesema," mwalimu akamalizia, "hata isipotoka yote leo, ngozi itaitema yenyewe baada ya siku mbili tatu. Hakuna anayekufa na kidole shavuni."

Maji yalikuja kwenye beseni dogo. Kisigino aliyapima kwa kiwiko, maana kiganja chake hakikuwa na habari ya moto wala baridi. Akamlaza Chiriku mapajani, kichwa upande, ili kila kitakachotiririka kielekee sikioni, kisielekee jichoni. Mwalimu akashika kiganja. Dada wa saluni, bado amenuna, akawa anadondosha maji kidogo kidogo na kitambaa laini.

Dakika kumi, hakuna kitu. Dakika kumi na tano, hakuna kitu. Chiriku alilia, akachoka, akalia tena. Kisigino alikuwa anatoka jasho la mgongo. Akapaka mafuta kuzunguka kidole cha pete, akawa anakiviringisha, kidogo huku, kidogo kule, bila kukivuta. Soli ya zamani hubanduliwa hivyo. Ukiivuta inaondoka na ngozi ya kiatu. Ukiilowesha na kuibembeleza, inaachia yenyewe. Kazi hiyo alikuwa ameifanya mara elfu kwa viatu vya watu asiowajua, na hakuwahi kufanya haraka.

"Babu, kimeamka?"

"Bado, mama. Kina usingizi mzito. Usikigombeze."

Kidole cha pete kikaachia. Hakuna aliyeshangilia. Wakahamia cha kati. Hicho kilikuwa kimenata upande mzima, akatumia ukingo butu wa mkono wa kijiko, akauingiza pole pole chini yake pale palipolegea, akaloweka, akaingiza tena. Nusu saa nzima. Kikaachia kikiwa kimevaa utando mweupe.

Kikabaki cha shahada, na hapo mafuta hayakuweza kutumika, wala kijiko. Ilikuwa maji matupu na roho ya mtu.

Binti alifika hajavua aproni ya kazi, nyuzi zimemganda mabegani; msimamizi alikuwa amemzuia getini karibu saa nzima. Hakusalimia. Alipiga magoti, akamtazama mtoto jicho, akamtazama kidole, akavuta hewa puani akanusa.

"Nasikia asetoni."

"Ilikuwa mkononi mwangu," Kisigino akasema. "Nililowesha pamba, nikaileta mpaka hapa." Akaonyesha, upana wa kiganja kutoka shavuni. "Nikaitupa. Ile pale mlangoni."

Dada wa saluni alitazama ukutani. Binti aliiona pamba, akanawa mikono kwenye maji, akachukua nafasi ya mwalimu, akashika kile kiganja kidogo. "Endelea," akasema.

Wakaendelea. Alidondosha maji, akaviringisha kidogo, akadondosha tena. Vichwa vyao viwili vilikuwa vimegusana na hakuna aliyejua. Mara lori likapiga honi nje, Chiriku akashtuka, mkono mzima ukaruka. Mama alikaza, babu akakandamiza, na wote watatu wakabaki wameganda hivyo, hawapumui. Ngozi chini ya jicho ilikuwa imevutika ikawa nyeupe. Haikuchanika.

Saa saba na dakika ishirini, kidole kikateleza.

Kiliteleza tu, bila sauti, kikabaki hewani. Chiriku alikitazama, akakipeleka mbele ya uso, akakikunja. "Kimeamka," akatangaza. Mama yake alimfungua jicho, akamwambia afuate kidole huku na huku, akalisafisha kwa maji safi. Jicho lilikuwa jeupe. Shavuni palikuwa na alama tatu nyekundu na utando uliokauka, na huo waliuacha, kama muuzaji alivyosema. Ndipo mwalimu akakumbuka kipindi chake, akavaa kiatu, akatoka bila kuaga. Dada wa saluni alichukua birika lake, na akipita mlangoni akaiokota ile pamba.

Wakabaki watatu.

"Kwa nini uliitupa?" binti akauliza.

"Nilikumbuka mguu wako."

Binti alikuwa anamfuta mtoto mikono. Akaacha.

"Nilidhani umesahau."

"Nilikuwa nimesahau. Sitakudanganya. Nimekumbuka leo, alipolia. Na alipokuwa na kichupa, nilihesabu kwanza mpaka thelathini ndipo nikageuka." Kisigino alitazama mikono yake. "Nilisema ngozi ya mtoto inaota upesi. Nilisema upuuzi. Nisamehe, mwanangu."

"Ulikuwa unanawa jioni, kila siku," binti akasema polepole. "Ukishika ile chupa tu, mimi niko uvunguni. Mama alikuwa anakwambia nimelala. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta nabana pumzi, Baba. Mtu mzima mimi, na mtoto mgongoni."

Machozi yalimtoka Kisigino, akayaacha yatoke.

Ilikuwa saa nane kasorobo. Kiwandani kengele hailii mara mbili. Kisigino aliinuka, akaanza kukusanya vitu vya Chiriku: viatu, kikopo cha chakula, sweta. Alivifunga vizuri, akamnyoshea binti bila kumtazama usoni.

Binti hakuvipokea. "Gundi nyingine iko wapi?"

"Gundi?"

"Hizo za vichupa. Zote."

Akamtolea boksi zima. Binti alihesabu, akauliza tena kama ni zote, akavitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. Kisha akamwinua Chiriku, akambusu shavu lile zima, akamrudisha mikononi mwa babu yake.

"Nakuja saa kumi na moja," akasema. "Hajala. Na jicho likibadilika rangi, usihesabu mpaka thelathini. Nipigie."

Akaondoka mbio.

Mchana ule wateja walikuja kama kawaida. Mmoja aliingiza kichwa, akaona zana zote ziko juu ya rafu, mzee amekaa wima kwenye kigoda, mtoto amemlalia kifuani, mdomo wazi, mkono umening'inia.

"Fundi, vipi, umefunga?"

"Sijafunga," Kisigino akajibu kwa kunong'ona. "Nimeshika mtoto."